Uuguzi au udaktari: namna ya kuchagua kabla hujajaza fomu ya chuo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kijana aliyefaulu Kemia na Baiolojia huambiwa na nusu ya ukoo: "Soma unesi kwanza, udaktari utaunga baadaye." Ushauri una nia njema, ila kwa Tanzania una kasoro moja kubwa. Stashahada ya uuguzi haikuungi kwenye shahada ya udaktari. Inakuunga kwenye shahada ya uuguzi. Mwenye nia ya kuunga hadi udaktari hupitia stashahada ya utabibu, ile inayomtoa mtu akiwa tabibu, au CO kama wengi wanavyomwita. Wapo wanaoligundua hili wakiwa mwaka wa tatu wa uuguzi, ada imeshalipwa na ng'ombe wameshauzwa.

Mwongozo huu unafuata utaratibu wa Tanzania Bara. Sifa za kujiunga hupitiwa kila mwaka, kwa hiyo kila unaposoma alama hapa, zilinganishe na kitabu cha mwongozo cha mwaka wako: cha NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa vyuo vya kati, na cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa vyuo vikuu. Vyote hupatikana bure kwenye tovuti zao. Usinunue nakala stendi.

Hatua ya 1: Zijue kazi zenyewe, achana na vyeo

Watu wengi hulinganisha uuguzi na udaktari kama ngazi mbili za kazi moja, muuguzi chini, daktari juu. Ukianza hivyo utachagua vibaya. Ni kazi mbili zinazokutana kwenye kitanda kimoja.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba, ameletwa saa 8 usiku, presha 170/110, ameshadegedega mara moja nyumbani. Daktari anamchunguza, anathibitisha ugonjwa, anaandika magneziamu salfeti na dawa ya kushusha presha, anaagiza vipimo vya damu, kisha anaamua jambo zito kuliko yote: mtoto atoke lini na kwa njia gani. Kama njia haijafunguka na muda hauruhusu, anaamsha timu ya upasuaji. Uamuzi ni wake na lawama ni yake. Akimaliza pale, kuna mgonjwa mwingine anamsubiri mapokezi.

Muuguzi mkunga anabaki. Magneziamu ya asilimia 50 ina nusu gramu katika kila mililita, kwa hiyo gramu 4 za kuanzia ni mililita 8. Anaongeza maji ya sindano mililita 12 zifike 20, anaingiza kwenye mshipa polepole. Kisha gramu 5 kila tako, ndani ya misuli. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, na hapa ndipo uuguzi wenyewe ulipo. Kabla ya kila dozi anahesabu pumzi: zisipungue 16 kwa dakika. Anagonga chini ya goti aone kama mguu unaruka. Anapima mkojo kwenye mfuko: usipungue mililita 30 kwa saa. Kimojawapo kikikosekana, dozi haitolewi hata kama imeandikwa na bingwa, daktari anaitwa, na kalsiamu glukoneti, inayozima nguvu ya magneziamu, inakuwa tayari mkononi. Muuguzi asiyehesabu pumzi anaweza kumsimamisha mgonjwa kupumua kwa dawa sahihi iliyoandikwa sahihi.

Sasa jiulize ni nafasi ipi kati ya hizo mbili ungeitaka saa 8 ile ya usiku. Daktari hubeba mashaka: anaamua akiwa na nusu ya taarifa, kisha anaondoka na uamuzi wake kichwani. Muuguzi hubeba muda: anakaa na mgonjwa saa 8 au 12 mfululizo, na mabadiliko madogo ya hali huyaona yeye kwanza. Ukiwa mtu wa kuchimba sababu ya jambo mpaka ukose usingizi, udaktari utakulisha. Ukiwa mtu wa kuona kwamba mgonjwa wa kitanda cha tano leo hazungumzi kama jana, na ukachukulia hatua bila kuambiwa, uuguzi utakufaa kuliko unavyodhani.

Na tabibu? Huyu huchunguza, hutambua ugonjwa na hutoa matibabu ya magonjwa ya kawaida, hasa kwenye zahanati na vituo vya afya. Kwa vijiji vingi tabibu ndiye "daktari" pekee wanayemjua. Kazi yake kwa asili iko karibu zaidi na ya daktari kuliko ya muuguzi, na ndiyo sababu njia ya kuunga inapitia kwake.

Hofu ya damu isikuamulie. Kuzirai wiki za kwanza wodini au chumba cha upasuaji ni jambo la kawaida kwa wanafunzi wa pande zote, na mara nyingi sababu ni kusimama muda mrefu bila kunywa chai asubuhi. Kinachoshinda watu kweli ni harufu, kelele za wagonjwa, na kurudi kesho yake. Na kijana wa kiume asikwepe uuguzi kwa kuogopa kuitwa sista; wodi za upasuaji, za dharura na za afya ya akili zimejaa wauguzi wanaume.

Hatua ya 2: Kisome cheti chako cha kidato cha nne upya

Hapa ndipo wengi hufungiwa mlango bila kujua, kwa sababu wanaangalia sifa za kuingilia leo na kusahau sifa za kuungia kesho.

Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga, na vilevile stashahada ya utabibu, sifa ya chini imekuwa ufaulu wa D katika masomo manne yasiyo ya dini, na lazima Kemia, Baiolojia na Fizikia (au Sayansi ya Uhandisi) yawemo. Hesabu na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza tu. Kwa hiyo mwenye F ya Hesabu anapokelewa, anasoma, anamaliza, anaajiriwa. Miaka sita baadaye anaomba shahada kwa sifa linganifu, yaani kwa stashahada badala ya kidato cha sita, anakuta chuo kikuu kinataka stashahada yenye wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na angalau D ya kidato cha nne katika Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Ile F inafufuka.

Dawa yake ipo na ni rahisi: risiti, yaani kurudia mtihani. Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa NECTA hufanyika Novemba, na huhitaji kurudia masomo yote, unarudia lile lililokuangusha. Fanya mapema, hata ukiwa umeshaanza chuo. Baada ya miaka kumi kazini, kukaa tena na logarithimu ni mateso.

Kwa anayekwenda kidato cha tano, tahasusi ndiyo uamuzi. PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) inaacha milango yote wazi. CBG, yenye Jiografia, inaufunga mlango wa kwenda udaktari moja kwa moja, kwa sababu Fizikia haimo. CBN, yenye Lishe, nayo inaufunga wa udaktari lakini inauacha wa shahada ya uuguzi. Ukipangiwa tahasusi ambayo hukuitaka, fuatilia kubadilisha wiki za mwanzo kabisa. Muhula ukishakolea, shule nyingi hazikubali.

Kwa matokeo ya kidato cha sita (A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1), sifa za chini zimekuwa hivi. Shahada ya udaktari, yaani MD: Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla pointi 6, kila somo lisipungue D. Shahada ya uuguzi: pointi 6 pia, lakini mgawanyo ni mwingine: C ya Kemia, D ya Baiolojia, na angalau E ya Fizikia, Hesabu za Juu au Lishe. Ona tofauti. Mwenye C, C na E ya Fizikia ana pointi 7, anamzidi mwenye D tatu, lakini MD haombi na uuguzi anaingia.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vya mwongozo havilisemi kwa sauti. Sifa ya chini ni ruhusa ya kuomba, haikuhakikishii nafasi. Muhimbili (MUHAS) inapokea waombaji wa MD wengi kuliko viti, inachagua kutoka juu kushuka, na mwenye D tatu hafikiwi. Mwenye D tatu aelekeze maombi kwenye vyuo vyenye ushindani mdogo, na ajue mapema kuwa vingi ni vya binafsi na ada yake ni nyingine.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka

Anza kuhesabu kutoka kidato cha nne, maana hapo ndipo njia zinapoachana.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3, ngazi ya 4 hadi ya 6 ya elimu ya ufundi (NTA). Anayeishia ngazi ya 5 anatoka na cheti. Baada ya stashahada unafanya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha unatafuta kazi. Aliyemaliza kidato cha nne na miaka 17 anaweza kuwa kazini na 21.

Shahada ya uuguzi moja kwa moja: miaka 2 ya kidato cha tano na sita, 4 ya chuo, 1 ya utarajali (mafunzo ya kazini baada ya chuo). Jumla 7.

Udaktari moja kwa moja: miaka 2, kisha 5 ya MD, kisha 1 ya utarajali. Jumla 8. Angalia tofauti na shahada ya uuguzi: ni mwaka mmoja tu. Kwa hiyo anayeikwepa MD na kuchagua shahada ya uuguzi "kwa kuwa ni fupi" ahesabu tena.

Utabibu kisha udaktari: miaka 3 ya stashahada, 5 ya MD, 1 ya utarajali. Jumla 9 ukiunga bila kusimama, ila wachache huunga bila kusimama, kwa sababu ada inatafutwa kazini kwanza. Nafasi za wanaoingia kwa sifa linganifu nazo ni chache na zinagombaniwa, kwa hiyo GPA ya 3.0 iliyoandikwa kitabuni ichukulie kama sakafu. Lenga 3.8 na kuendelea. Mwanafunzi wa utabibu anayetaka MD hana nafasi ya kuzembea muhula wa kwanza.

Ubingwa wa daktari (MMed) kwa kawaida ni miaka 3 zaidi, na fani nyingine zinazidi hapo. Muuguzi mwenye shahada anaweza kusoma shahada ya uzamili ya uuguzi, miaka 2, katika maeneo kama wagonjwa mahututi, ukunga au afya ya akili. Njia nyingine inayosahaulika ni mafunzo ya utoaji usingizi. Hospitali nyingi za wilaya zinategemea wauguzi waliosomea usingizi, na bila wao chumba cha upasuaji kinafungwa.

Kwa msomaji wa Kenya: mpangilio unafanana ila miaka na majina vinatofautiana. Maombi hupitia KUCCPS, stashahada ya uuguzi ya KMTC ni miaka 3, shahada ya uuguzi miaka 4, na shahada ya udaktari huchukua miaka 6 kabla ya utarajali.

Hatua ya 4: Fedha, ikiwemo ile ambayo haijaandikwa

Ada ya chuo cha afya cha serikali ngazi ya stashahada imekuwa ikizunguka shilingi za Tanzania milioni 1.1 hadi 1.3 kwa mwaka. MD kwenye chuo kikuu cha serikali iko chini kidogo ya milioni 2. Vyuo vikuu binafsi vinaweza kufika milioni 4 hadi 6 kwa mwaka na kuzidi. Zidisha kwa miaka 5 kabla hujasema "tutajua mbele".

Kinachoumiza familia ni vilivyo nje ya ada: sare pea mbili au tatu, viatu vilivyofunika vidole, stetoskopu, mashine ya presha, kitabu cha kumbukumbu za vitendo, bima ya afya, ada ya mitihani, hosteli, na nauli na malazi wakati wa mafunzo kwa vitendo. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Chuo kinaweza kukupeleka wiki kadhaa hospitali ya wilaya ambako huna ndugu wala bweni. Andika barua au piga simu chuoni uulize jambo moja: "Nje ya ada, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analipa nini na lini?" Chuo kinachokataa kujibu kwa maandishi, kiogope.

Mkopo: kwa shahada, uuguzi na udaktari vyote huombewa Bodi ya Mikopo (HESLB). Kwa stashahada, Bodi ilianza kutoa mikopo mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa kozi zilizoorodheshwa tu, na kuwa kozi ya afya hakutoshi kuwemo. Fungua orodha ya mwaka wako, tafuta jina la kozi yako neno kwa neno. Kama halimo, panga bajeti kama vile mkopo haupo. Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa; wakati wa msimu foleni ya mtandaoni ni ndefu kama ya dirishani. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la NECTA, hata kwa herufi moja, mwone wakili urekebishe kwa kiapo sasa hivi.

Hatua ya 5: Angalia maisha baada ya chuo

Serikalini watumishi wa afya wana ngazi yao ya mishahara, TGHS. Muuguzi wa cheti huanzia TGHS A. Afisa Muuguzi Msaidizi, yaani wa stashahada, huanzia TGHS B, na Tabibu naye TGHS B. Daktari huanzia TGHS E. Afisa Muuguzi wa shahada yuko juu ya B na chini ya daktari. Ni kweli daktari anaanza mbali zaidi. Lakini weka na hili kwenye mizani: muuguzi wa stashahada aliyeajiriwa mapema ameshalipwa miaka minne wakati mwenzake aliyekwenda MD bado anaomba vocha nyumbani.

Ajira zenyewe hazitoki kila mwezi. Nafasi za serikali hutangazwa kwa mafungu kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, kuna usaili, na wahitimu wa miaka kadhaa hugombania nafasi zilezile, madaktari wakiwemo. Wengi huanza kwa mkataba, kwa kujitolea, au hospitali binafsi na za mashirika ya dini ambako malipo ni maelewano. Panga walau mwaka mmoja wa kusubiri, chochote utakachosoma.

Ratiba ya maisha nayo inatofautiana kuliko mshahara. Muuguzi ana zamu: asubuhi, jioni, usiku. Zamu ikiisha na makabidhiano yakafanyika, kazi imebaki wodini. Zamu za usiku huchosha mwili, lakini unajua Jumanne ijayo utakuwa wapi. Daktari anafanya kazi ya mchana, kisha anakuwa zamu ya kuitwa usiku, kisha asubuhi kuna raundi. Mwaka wa utarajali ndio mzito zaidi. Mzazi anayepanga harusi ya binti yake daktari mwaka ule ajue bibi harusi anaweza kusinzia mezani.

Leseni ni lazima kwa wote. Wauguzi husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC), chini ya sheria ya mwaka 2010. Madaktari husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika (MCT), chini ya sheria ya mwaka 2017. Mabaraza yote mawili yanataka mafunzo endelevu ndipo leseni ihuishwe, na yote yana uwezo wa kukufutia usajili. Kosa la dozi au la uzembe humfuata mtu kwa jina lake, nesi kwa nesi, daktari kwa daktari. Dhana kwamba daktari atambebea muuguzi makosa yake haina msingi.

Kuhusu kwenda nje, uuguzi una njia fupi zaidi. Marekani hutaka mtihani wa NCLEX. Uingereza hutaka mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo. Nchi za Ghuba hutaka vyeti vihakikiwe, mtihani, na kwa kawaida uzoefu wa miaka 2. Daktari naye ana mitihani yake, lakini akifika mara nyingi hupanga foleni upya ili aingie kwenye ubingwa. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye uhaba wa watumishi, kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kusajili watu hapa. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe. Wakala anayekuja mtaani kukuahidi kazi ya unesi Uingereza kwa "ada ya usajili" ni tapeli mpaka athibitishe vinginevyo.

Hatua ya 6: Waulize walio kazini, lakini uliza vizuri

Tafuta muuguzi mmoja mwenye miaka zaidi ya mitano kazini, daktari mtarajali mmoja, na tabibu mmoja wa zahanati. Usimwulize daktari bingwa wa miaka 55. Atakusimulia nchi ambayo haipo tena. Nenda na shikamoo, nenda muda wa mapumziko, kamwe si wakati wa makabidhiano ya zamu. Na usiulize "unaipenda kazi yako?", maana jibu hutegemea amelala saa ngapi. Uliza haya:

- Jana ulifanya nini tangu ulipoingia mpaka ulipotoka, moja baada ya jingine?
- Mwezi uliopita ulilala nje ya nyumbani mara ngapi?
- Tangu umalize chuo mpaka mshahara wa kwanza kuingia, ilichukua muda gani?
- Kosa likitokea wodini, nani anaitwa kujieleza, na linaandikwaje?
- Wenzako wa darasani walioacha kazi hii, waliacha kwa sababu gani?

Swali la mwisho ndilo lenye dhahabu. Sababu zao zikikugusa moyoni kabla hata hujaanza, zisikilize.

Kisha fanya jaribio dogo nyumbani. Chukua mada moja ya Baiolojia ya kidato cha sita, mathalani figo. Isome saa 3 kwa siku kwa siku 6, siku ya 7 ielezee bila kitabu. Miaka miwili ya kwanza ya MD (anatomia, fiziolojia, biokemia) ni hivyo kila wiki, kwa masomo kadhaa kwa mpigo, na mgonjwa unamwona kwa nadra. Uuguzi nao una anatomia na dawa za kukariri, lakini mwanafunzi anaanza kugusa kazi ya wodi mapema sana: kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani, kupima joto na mapigo, kuosha vidonda. Mtu anayejifunza kwa mikono huchanua uuguzi na huweza kunyauka MD mwaka wa kwanza bila kuwa mjinga hata kidogo.

Hatua ya 7: Jaza maombi

Vyuo vya kati vya afya: maombi hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Kabla ya kuchagua, hakikisha chuo kina usajili na kozi yenyewe ina ithibati, kwa sababu chuo kinaweza kusajiliwa kwa famasi kisha kikatangaza uuguzi. Soma jina la kozi hadi mwisho. Afya ya jamii, uuguzi na utabibu ni kozi tatu tofauti.

Vyuo vikuu: unaomba moja kwa moja chuoni, TCU haipokei maombi. Udahili huenda kwa awamu. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri ndani ya muda uliotangazwa. Ukikaa kimya nafasi inapotea, na kila msimu kuna anayepoteza MD kwa sababu simu ilikuwa na mdogo wake shambani.

Panga chaguo zako kwa ukweli wa matokeo. Mwenye BBC ya PCB anaweza kuanza na MD ya chuo cha serikali kama MUHAS au UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kisha vyuo vya Bugando (CUHAS) au KCMC, kisha shahada ya uuguzi kama kweli anaikubali. Maneno "kama kweli anaikubali" yana uzito. Kujaza uuguzi kama chaguo la mwisho huku moyo umegoma ndiko kunakozaa mwanafunzi anayekosa vipindi, anarudia mitihani, na kujaribu kuhama kozi mwaka wa pili. Uhamisho kutoka uuguzi kwenda MD ni mgumu na unahitaji uwe na sifa za MD tangu mwanzo, pamoja na kiti kilicho wazi. Mwenye D tatu asiyeweza ada ya chuo binafsi, na anayetaka udaktari tu, aangalie stashahada ya utabibu ya chuo cha serikali.

Mzazi anayelipa ana haki ya kusema anachoweza kulipa na kwa miaka mingapi. Aseme kabla ya fomu kutumwa, kwa tarakimu. Hilo litasaidia kuliko kumchagulia mtoto kozi.

Hatua ya 8: Kabla hujakanyaga wodi

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Anza siku uliyopata barua ya kukubaliwa, usisubiri chuo kikukumbushe, na tunza kadi.

Nunua viatu kwanza, stetoskopu baadaye. Ya kuanzia isiwe ya bei kubwa, maana za mwaka wa kwanza huazimwa na hazirudi. Nunua saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Simu haifai kuhesabia mapigo, na wodi nyingi hazitaki uitoe mfukoni mbele ya mgonjwa.

Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, mwambie msimamizi wa zamu palepale. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanza ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na humezwa siku 28. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kugombezwa, na saa zinakwenda.